Nilimbadilishia Koko Simu

Mwaka jana, mwezi wa nne, nilimbadilishia koko simu. Nasema nilimbadilishia kwa sababu yeye mwenyewe hakubadilisha kitu. Alikuwa na Nokia ya vibonye, zile tunaziita mulika mwizi, imefungwa raba katikati ili betri isichomoke, na ilikuwa inafanya kazi vizuri tu. Mimi ndiye niliyetoka Kitengela na simu janja ya kampuni nyingine, mpya kabisa, nikapita Isinya, nikafika Kajiado, nikakata kushoto kuelekea Mashuuru, na safari nzima nilikuwa najiona mjukuu wa maana sana. Laini yake ilikuwa ya zile kubwa, ikabidi ejenti sokoni aikate ndipo iingie. Watu wakapiga makofi, picha zikapigwa, koko akasema asante. Ile Nokia nikaitia mfukoni nikarudi nayo mjini, sijui hata kwa nini.

Mwezi wa sita shangazi yangu mmoja alinipigia. Si mtu wa kupiga. Akauliza, "Koko ni mzima kweli?" Nikamwambia ni mzima, tena juzi tu tumeongea kwa video. Akanyamaza kidogo, kisha akasema basi ni sawa, msalimie.

Ilinichukua siku kadhaa kuelewa alichokuwa anauliza. Shangazi huyo na watu wa kwetu hawaelewani, ni mambo ya zamani, na sitasema zaidi kwa sababu nikisema nitakuwa narudia kosa lilelile ninaloandika habari zake. Kumbe koko alikuwa anamtumia pesa. Mia tatu leo, mia tano siku nyingine, akiuza maziwa. Kimya kimya, kwa miaka. Tangu nipeleke simu mpya, hakuna kilichotumwa.

Koko hakwenda shule. Namba anazijua, herufi hazijui. Lakini kwa ile Nokia alikuwa anatuma M-Pesa peke yake, usiku, taa imezimwa, na niliwahi kumwona akifanya hivyo bila kuelewa ninachokiona. Alikuwa anahesabu. Chini mara kadhaa, bonyeza katikati, namba, kiasi, siri, bonyeza tena. Kibonye cha 5 kina kitone, ukikigusa unajua uko wapi, na vingine vyote unavipata kutoka hapo. Namba ya shangazi aliijua kwa kichwa, au tuseme kwa kidole gumba. Ile menyu hakuwahi kuisoma. Aliipita tu, vile anavyokwenda zizini gizani bila kujikwaa.

Kwenye kioo hakuna kitone. Kioo ni laini kote, na vidole vya mtu aliyekamua na kupasua kuni maisha yake yote ni vikavu. Anagusa mara tatu kioo hakisikii, mara ya nne kinafungua kitu kingine ambacho hakukitaka. Kwa hivyo binamu yangu wa miaka 13 akawa karani wake. Mtoto mzuri, mwaminifu, hajawahi kuchukua hata bob. Lakini ili atume, lazima ajue siri, na kabla ya kutuma anasoma jina kwa sauti kama alivyofundishwa, pesa zisiende kwa mtu mwingine. Sasa jina la shangazi lingesomwaje kwa sauti mle nyumbani?

Mwaka 1998 wanafalsafa wawili, Andy Clark na David Chalmers, walichapisha makala yenye swali ambalo ukilitafsiri kwa lugha ya kawaida ni hivi: akili ya mtu inaishia wapi? Walimtunga mzee anaitwa Otto. Otto ana ugonjwa wa kusahau, kwa hivyo kila anachojifunza anakiandika kwenye daftari ambalo halimtoki mkononi. Akitaka kwenda jumba la makumbusho huko New York, anafungua daftari, anaona liko barabara gani, anaenda. Hoja yao ni kwamba daftari linamfanyia Otto kazi ileile ambayo kumbukumbu inakufanyia wewe, basi ni sehemu ya akili yake, hata kama liko nje ya fuvu. Nilipoisoma chuoni niliona ni zile hadithi za watu wasio na kazi ya kufanya. Lakini hebu mfikirie mjukuu wa Otto. Anampenda babu yake. Anamletea daftari jipya, zuri kuliko la kwanza, kurasa zote tupu, na lile la zamani anaondoka nalo mfukoni.

Najua utaniuliza, kwa hivyo wazee wabaki na kabambe milele? Hapana. Kuna akina mama Kajiado hii wanaouza mbuzi kwa WhatsApp kuliko utakavyowahi kuuza wewe chochote. Na usinisikie kama nasema Nokia ni mila ya Wamaasai. Ni kitu cha Ufini, na M-Pesa yenyewe ilianza mwaka 2007, koko akiwa tayari ana wajukuu. Alijifunza uzeeni. Na kwangu hilo ndilo linalofanya jambo liwe zito zaidi, manake ujuzi ule aliulipia mwenyewe, kwa makosa yake mwenyewe, kwa pesa zilizoenda kwa watu asiowajua na hazikurudi. Sisi tukihama kutoka simu moja hadi nyingine tunalalamika wiki moja: tochi iko wapi, chaja haiingii, mbona picha zinatoka na rangi ya ajabu. Majina na barua pepe vinatungoja kwenye akaunti, unaandika nenosiri, maisha yanajipakua yenyewe. Mimi nimehama kampuni mara nne na sijawahi kupoteza zaidi ya starehe. Vitu vya koko havikuwa kwenye akaunti yoyote.

Tena hii haikuwa mara yake ya kwanza kubadilishiwa simu na watu wengine. Mwisho wa Septemba 2012 serikali ilizima simu feki, zaidi ya milioni 1 nchi nzima, na ya koko ilikuwa mojawapo. Ndivyo alivyoingia Nokia. Nyumbani hadithi hiyo bado inasimuliwa kama dhuluma. Lakini angalau serikali ilitangaza kabla, kwa redio, watu wakawa wanajua tarehe. Mimi nilifika na boksi.

Kwa nini nilifanya hivyo? Nimejiuliza sana, na jibu la kwanza nililokuwa nalo, kwamba nilitaka aishi vizuri, halikukaa. Ukweli ni kwamba nilitaka kumwona. Kitengela si mbali na Mashuuru ukiangalia ramani, lakini kazi ni kazi, na kuna miezi nilikuwa sifiki kabisa. Kwetu mtoto akikutana na mkubwa anainamisha kichwa, mkubwa anaweka kiganja utosini, hiyo ndiyo salamu. Siku ya kwanza tulipopigiana video niliinama mbele ya simu, nusu mzaha. Koko akainua mkono akaweka kiganja kwenye kioo. Kwangu pakawa giza tupu, kisha simu ikakata. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, halafu nikagundua machozi yameendelea na kicheko kimeisha.

Hicho ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyopata mwaka huo, na siwezi kujifanya sikukitaka. Lakini ona nani alipata. Ningeweza kumwambia: koko, natamani kukuona uso, unaonaje tukiweka simu ya pili hapa nyumbani? Hilo ni ombi, na ombi lina mlango wa kukataa. Mimi nilisema "hii ni yako." Zawadi haina mlango huo, hasa ikitoka kwa mjukuu, mbele ya majirani wanaopiga makofi. Nilichukua haja yangu nikaivalisha jina lake.

Henry Odera Oruka, aliyefundisha falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi na aliyefariki 1995, alitumia miaka akiwahoji wazee wa vijijini. Hakutaka tu waeleze desturi za kwao zinasemaje. Alitaka kujua huyu mzee, huyu mmoja aliyekaa mbele yake, anaonaje yeye binafsi, na kwa nini, na akipingwa atajibu nini. Wakati huo vitabu vilikuwa vimejaa "Mwafrika anavyofikiri", kama vile kuna mmoja tu. Mimi nilikuwa na "wazee wanavyohitaji". Vitu vya wazee nilivijua vyote: macho hafifu, upweke, wanataka kuona wajukuu. Mzee mwenyewe nilikuwa naongea naye kila wiki na sikumuuliza swali hata moja ambalo jibu lake lingeweza kunizuia.

Nilirudi mwezi wa nane. Nokia ilikuwa bado kwenye droo, nikaichaji usiku kucha ili nione kama itawaka, ikawaka. Pale sokoni ejenti yuleyule alinipa kile kiplastiki cha kushikilia laini iliyokatwa. Nilimwekea koko simu mkononi na sikutaja shangazi, wala yeye hakumtaja. Aligeuza simu mara mbili, akaangalia kama raba bado ipo. Kisha akasema, "Ile ya kuonana muachie mtoto. Wewe utampigia yeye, ataniletea."

Baadaye, mtoto alipotoka kwenda kufungulia mbuzi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Siri yangu huyu anaijua. Inabadilishwa wapi?"

Hiyo njia hakuwa nayo, hakuwahi kuihitaji. Tukakaa, nikamhesabia: chini mara ngapi, katikati, chini tena. Akarudia. Akakosea, akarudia tena mpaka kidole kikashika. Tulipofika mahali pa kuandika siri mpya nilikuwa bado nimeinama juu ya bega lake, nikiangalia. Akasimamisha kidole. Hakusema kitu, alinitazama tu.

Nikatoka nje. Nilimkuta mtoto kwenye lango la boma, akaniuliza koko anafanya nini, nikamwambia sijui. Alikaa huko ndani muda mrefu sana.