Honi Kabla ya Kona

Ukitoka Muheza kwenda Amani, mashamba ya michungwa hukusindikiza kwanza. Ukishapita geti la hifadhi pale Zigi, barabara huanza kupanda ikijipinda ndani ya msitu. Dereva mzoefu hupunguza mwendo, hushusha kioo, na kabla ya kila kona hupiga honi. Hajui kama ng'ambo yupo mtu. Huenda lori la chai linashuka kutoka Kwamkoro, huenda ni mama na mzigo wake wa kuni, huenda hakuna kitu ila ukungu. Hupiga hivyo hivyo.

Mjini honi ni ubishi: nipishe, huoni? Huku ni hodi. Apigaye hodi amekwisha kukubali kwamba nyumba si yake, na kwamba asiyeonekana kutoka barazani huenda yumo ndani. Nimesikia dua ndefu zenye unyenyekevu mdogo kuliko huo.

Na kweli wenyeji wa nyumba hii ni wa kale. Wataalamu husema misitu ya Usambara Mashariki imedumu mamilioni ya miaka, kwa sababu pepo za Bahari ya Hindi hugonga milima hii na kuacha unyevu wake hapa, hata katika zama ambazo kwingineko Afrika misitu ilikauka. Kwa hiyo ukungu unaolowesha kioo cha gari ni bahari iliyopanda mlima. Hutua juu ya majani ya mitambara, ikadondoka, ikazama ardhini, ikatokea bondeni ikiitwa Mto Zigi. Mto nao hushuka mpaka bwawa la Mabayani, na kutoka huko maji huingia kwenye mabomba ya Tanga. Mtu wa Ngamiani, mjini humo, akiamka alfajiri kutia udhu, anajitwaharisha kwa maji ya msitu ambao pengine hajapata kuutia machoni. Msitu umeshughulika kwa ajili ya sala yake usiku kucha, yeye akiwa usingizini. Hajaombwa hata kushukuru.

Mashamba ya chai nayapita upesi. Yanapendeza, hasa jua likiyapiga baada ya giza la miti, lakini mistari iliyonyooka hainipi cha kufikiri. Ni kijijini Amani ninapopenda gari lizimwe.

Hapa Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na mimea mwaka 1902, wakapanda miti ya kutoka pande nyingi za dunia. Walitaka kujua kipi kinafaa, kipi kinalipa. Wakati huo ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli katika vilima hivi lilikwisha kufika Ulaya: lilipewa jina la kitaalamu Saintpaulia mwaka 1893, na leo limo madirishani mwa watu wasioijua Muheza. Nalo halikuulizwa.

Miongoni mwa miti ya kigeni iliyopandwa milimani hapa katika karne iliyopita ni msizi. Hukua haraka, matunda yake hondohondo huyapenda mno. Ndege hula, huruka na sauti ile nzito ya mbawa, hudondosha mbegu katikati ya msitu wa asili, na msizi huota pale ambapo hakuna aliyeukusudia. Nani alaumiwe? Hondohondo amekula alichokikuta mezani. Aliyepanda huenda aliona anafanya jema, tena mbele ya mashahidi.

Kuukata ili kuurudishia msitu wa asili nafasi yake hakutoshi. Msizi ukiangushwa, mwanga humwagika chini, na miongoni mwa miche inayowahi kuchipua katika uwazi huo ni misizi mingine. Kwa hiyo kabla ya kuinua shoka, inabidi mtu apige magoti chini yake, apekue majani makavu, atazame ni miche gani ya asili imekwisha kuota humo, na ina urefu gani.