Mawaidha Juu ya Mnyama Aliyezaliwa Mweupe

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyiezi Mungu, Mwenye kuumba apendavyo, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na aali zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu Waislamu, Mwenyiezi Mungu ametaja katika Sura ya Fatir kuwa rangi za milima zimekhitilafiana, na za watu vile vile, na za wanyama vile vile. Kisha papo hapo akawataja wenye ilimu kuwa ndio wamchao. Basi rangi imetajwa mahali pa kufunzia ilimu. Haikutajwa mahali pa fali wala pa ndege mbaya.

Sapiwi ni kata ya Bariadi, katika mkoa wa Simiyu, nchi ya Wasukuma, wafugaji na wakulima wa pamba. Na mkoa huo umepakana na mbuga ya Serengeti. Upande wa magharibi wa mbuga hiyo, Februari 2019, alipigwa picha punda milia ambaye mistari yake si myeusi, bali ni ya rangi ya dhahabu. Alikuwa akienda na kundi lake kama wenziwe. Punda milia wengine hawakumkimbia wala hawakumfanyia tambiko. Hayo ni mambo ya wanaadamu.

Sababu yake ni hii. Katika ngozi na nywele na macho mna rangi iitwayo melanini. Kiumbe asiyeweza kuifanya kabisa huzaliwa mweupe, macho yake huonyesha wekundu wa damu, jua humwunguza, na uoni wake huwa dhaifu. Aifanyaye kidogo huwa mfano wa punda milia yule. Na hali hii ni ya urithi, tena aghlabu sharti itoke kwa baba na kwa mama pia. Nao wote wawili huenda wakawa na rangi yao kamili, jambo hilo limefichikana ndani yao pasina kulijua. Na kwa kila mimba yao pana fungu 1 katika mafungu 4 la kuzaliwa mweupe.

Asistaajabu mtu. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Huraira kuwa mtu wa jangwani alimjia Mtume s.a.w. akimshitakia kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi, na maneno yake yalinuka harufu ya kumkana. Mtume akamwuliza rangi za ngamia wake. Akajibu kuwa ni wekundu. Akamwuliza kama hamna katika hao wa rangi ya majivu. Akakiri kuwa wamo. Alipoulizwa wametoka wapi, mwenyewe akasema huenda ni mshipa wa asili uliowavuta. Basi Mtume akamrejeshea jawabu lake lile lile juu ya mwanawe. Kesi ya ndoa imekatwa kwa zizi la ngamia! Na kwa madhehebu ya Imamu Shafi'i rangi peke yake, pasipo alama nyingine, si hoja ya kumkana mtoto. Basi mume ambaye mkewe amezaa mtoto mwenye ualbino, akamwacha kwa kudai kuwa mtoto ni wa Mzungu au wa jini, amemdhulumu mwanamke aliyehifadhi tupu yake, na amemdhulumu mwanawe wa damu.

Liko na zito kuliko hilo. Huko usukumani, Sapiwi ingali chini ya mkoa wa Shinyanga, kabla Simiyu haijafanywa mkoa mwaka 2012, watu wenye ualbino waliuawa na viungo vyao vikauzwa, kwa kuwa waganga walisema kwamba vyaleta mali migodini na ziwani. Septemba 2009 mahakama katika mkoa huo wa Shinyanga iliwahukumu watu 3 kunyongwa kwa kumwua mvulana wa miaka 14. Januari 2015 serikali ikawapiga marufuku wapiga ramli.

Mtu wa pwani akisikia hayo husema: mambo ya bara hayo. Walakini mtu huyo huyo, akiuguliwa na mwanawe, hutumwa na mganga kuku mweupe asiye na doa, naye huzunguka sokoni mpaka ampate. Itikadi ni moja, kuwa weupe una nguvu ya kuleta na kuondoa. Aliyekwisha kuisadiki kwa kuku, ana hoja gani ya kuikataa akiambiwa habari ya mtoto wa jirani?

Muslim amepokea kuwa amwendeaye mpiga ramli akamwuliza jambo, haikubaliwi sala yake masiku 40. Na wanavyuoni wamesema kuwa hata hivyo ni wajibu aisali, ila hana thawabu. Na kuku aliyechinjwa kwa kujikurubisha kwa pepo au mzimu nyama yake ni haramu, hata ikiwa aliyeshika kisu ni Mwislamu.

Huenda mtu akauliza: mbona wanavyuoni wa Kishafi'i wamemtanguliza mnyama mweupe katika udhuhia? Ni kweli. Lakini hayo ni kwa uzuri wa kitu kitolewacho kwa Mola, si kwa kuwa weupe wake wafanya jambo. Na mweusi naye asihi.

Basi akizaliwa mbuzi mweupe mwenye macho mekundu, ikiwa ni Sapiwi au ni Lamu, ni juu ya mwenyewe kumlisha, na kumtia kivulini jua likiwa kali, kwani haki ya mnyama ni wajibu juu ya amfugaye. Maziwa yake ni halali, na nyama yake ni halali. Na mbuzi walao malishoni wakitimia 40, na mwaka ukawapitia, yeye naye huhesabiwa mmoja katika hao 40.