Jembe la Mgeni

Wazee wetu walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Neno hili twalitumia mara nyingi kwa kucheka, mgeni akikaa kuliko tulivyotazamia. Lakini leo twataka kulipima kwa mgeni wa namna nyingine, yaani kijana aliyetumwa na kanisa lake kwenda nchi ya watu kuhubiri Neno la Mungu. Je, yeye naye apewe jembe? Au yawapasa wale anaowafundisha wamlishe, kwa kuwa mtu hawezi kulima na kufundisha pamoja?

Swali hili si dogo. Vijana wengi waendao mbali kwa kazi ya Mungu hudhani, kabla ya kuondoka kwao, ya kuwa siku zao zote zitakuwa za mahubiri. Wakifika, huona mambo mengine. Asubuhi yataka maji na kuni. Nguo zataka kufuliwa, na chakula hakijipiki. Lugha ya wenyeji yataka kujifunzwa neno kwa neno, na watoto huwacheka wakikosea. Homa yaja, na barua ya mama haiji. Jioni kijana akizihesabu saa zake, labda huona moja tu iliyotumika katika kufundisha. Ndipo aulizapo moyoni mwake: Je, nilitumwa kwa haya?

Tutazame mfano wa mtu mmoja. Mwaka 1896 Apolo Kivebulaya, Mganda aliyebatizwa mwaka mmoja tu kabla ya hapo, alitoka Toro, akashuka bonde la Semliki, akauvuka mto, akafika Mboga, nchi ambayo leo imo katika Kongo. Walimu waliomtangulia walikuwa wamekwisha kuondoka, kwa sababu Tabaro, mkuu wa nchi hiyo, aliwanyima chakula. Apolo alizijua habari hizo. Basi alikwenda na jembe lake.

Twaona hekima kubwa katika jambo hili. Anyimaye chakula ana nguvu juu ya mwenye njaa; aweza kumfukuza bila kumgusa, hata bila kusema neno. Lakini mwenye shamba lake hafukuzwi kwa njaa. Tena, mwenye kuomba chakula kila siku hawezi kumkemea ampaye. Akiona dhuluma katika nyumba ya mkuu, ataitazama sahani yake kwanza, kisha atanyamaza. Jembe lilimpa Apolo uhuru wa kusema kweli. Naye alilipa gharama ya uhuru huo, kwani alipigwa sana, na baadaye akasingiziwa, akafungwa gerezani. Alipofunguliwa alirudi Mboga kule kule. Mwisho Tabaro mwenyewe aliamini, akabatizwa, akaitwa Paulo.

Tena jembe lina faida ya pili. Mtu husikilizwa Jumapili kwa muda mfupi, lakini hutazamwa juma zima. Wenyeji wakimwona mgeni akilima katika jua lile lile linalowachoma wao, na kungoja mvua ile ile wanayoingoja, watajua kwamba hakuja kuwatawala wala kuwala. Basi kijana anayehuzunika kwa sababu siku imepita katika kuni na maji asidhani kwamba siku hiyo imepotea. Labda siku hiyo ndiyo iliyohubiri kuliko zote.

Yamkini msomaji mmoja atasema: Kama ni hivyo, sisi tuna raha, mwalimu wetu na alime, nasi tukae. Hapana, ndugu. Sivyo. Mtume Paulo alishona hema Korintho pamoja na Akila na Prisila, asimlemee mtu. Lakini Wafilipi walipompelekea msaada, aliupokea kwa furaha, akawashukuru. Kama angalikataa, angaliwanyima sehemu yao katika kazi ya Mungu. Kwa maana kuna kiburi kilichojificha ndani ya kutoa. Mtu atoaye siku zote, asitake kupokea hata yai moja la mjane, awafanya wenzake kuwa ombaomba, naye ajifanya kuwa tajiri. Wazee walisema pia: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi twadhani kwamba mwenyeji haponi kwa kile aletewacho tu, bali hupona pia kwa kufungua mkono wake.

Basi mithali hizi mbili zatazamana, wala hazigombani. Moja ni ya mgeni, na moja ni ya mwenyeji. Ubaya huja zinapobadilishwa mahali. Mwenyeji akishika neno la jembe tu, huwa mchoyo. Mgeni akishika neno la kuponya tu, huwa mvivu mwenye majivuno. Lakini kama mgeni asema, Nipeni jembe, na mwenyeji asema, Kwanza kula, hapo pana upendo, na Neno lapata udongo mwema.

Jambo hili latuhusu sisi sote. Katika vijiji vyetu wamo walimu vijana waliotoka mbali, na wana wetu wengine wamekwenda kuwa wageni kwa watu. Wewe mzazi, unapomfungia mwanao mzigo wake, usimpe vitabu tu. Mfundishe kupika, kufua, kulima, na kupokea kwa shukrani. Na wewe mwenye nyumba, ukimwona mwalimu analima peke yake, usiulize kama amelima vya kutosha. Uliza kama jana alikula.

Apolo alikufa Mboga mwaka 1933. Aliagiza azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, upande wa msitu mkubwa, kinyume cha desturi, kwa kuwa kazi ya huko ilikuwa haijaisha. Yeye aliyeingia nchi ile kama mgeni mwenye jembe amelala katika udongo wake kama mwenyeji. Mungu na atupe vijana wa namna hiyo, na vijiji vyenye kuwapokea.