Sheria Tunayoitetea

Soma kwa ajili ya somo hili: Mambo ya Walawi 19:9–18, Kutoka 23:4, 5, Luka 10:25–37, Wagalatia 3:19–25, Wagalatia 5:13–15, Warumi 13:8–10.

Mwanasheria wa Luka 10 aliuliza maswali mawili, na sisi hulikumbuka la pili. La kwanza lilikuwa swali jema: afanye nini ili aurithi uzima wa milele? Yesu alimrudisha kwenye torati aliyoijua vizuri, naye akajibu sawasawa, akiunganisha Kumbukumbu la Torati 6:5 na Mambo ya Walawi 19:18. Yesu hakumsahihisha hata neno moja. Alimwambia kwamba jibu lake ni sahihi na kwamba akilitenda ataishi. Mazungumzo yangeweza kuishia hapo. Luka anatueleza kwa nini hayakuishia: mtu yule alitaka kujionyesha kuwa ana haki, ndipo akauliza jirani yake ni nani (fungu la 29).

Mara nyingi tunalipita fungu hilo mbiombio ili tufike barabara ya Yeriko. Lakini kiini cha jambo kiko hapo. Mtu anayejitafutia haki yake mwenyewe lazima aweke mpaka. Anahitaji kujua ni akina nani walio ndani ya deni lake na ni akina nani walio nje, ili jioni aweze kusema, nimelipa. Jirani asiye na mpaka ni deni lisilokwisha, na hakuna awezaye kujihesabia haki kwa deni lisilokwisha. Kwa hiyo swali lile halikutokana na kutoijua torati. Mwanasheria aliijua torati, bali alikuwa ameipa kazi ambayo Mungu hakuipa.

Linganisha na Farisayo wa Luka 18:9–14. Yule alikuwa hekaluni, mbele za Mungu, akisali. Na hata huko hakuweza kumaliza sala yake bila kumtaja mtoza ushuru aliyesimama nyuma. Alimhitaji. Bila mwenye dhambi wa kujipima naye, haki yake ilikosa urefu. Hivi ndivyo mtu anayetaka kuokolewa kwa sheria anavyofika mahali pa kuivunja: jirani, ambaye sheria imemwagiza ampende, anageuka kuwa kipimo cha kupimia wema wake. Atamtazama sana, pengine kila Sabato, lakini hatampenda.

Je, upendo unaweza kuamriwa? Wengi huuliza hivyo, nao hudhani kwamba neema imekuja kuchukua mahali pa amri kwa sababu moyo hauamriwi. Soma tena Mambo ya Walawi 19, na usianzie fungu la 18. Anzia la 9. Pembe za shamba ziachwe kwa ajili ya maskini na mgeni. Ujira wa kibarua usilale kwa mwajiri hadi asubuhi. Kiziwi asilaaniwe, kipofu asiwekewe kikwazo. Hukumu isimpendelee tajiri, wala isimpendelee maskini. Mtu asizunguke akichongea watu wake. Ndugu akikosea aonywe waziwazi, asichukiwe kimyakimya moyoni. Baada ya hayo yote ndipo inakuja amri ya kumpenda jirani. Musa anazungumzia shamba, mshahara, mahakama na ulimi, mambo ambayo mtu anaweza kuyafanya leo hata kabla moyo wake haujachangamka.

Kutoka 23:4, 5 inakwenda mbali zaidi. Ukimkuta punda wa mtu anayekuchukia ameanguka chini ya mzigo wake, msaidie mwenyewe kumwinua. Torati haisemi ungoje mpaka umependezwa naye. Inajua kwamba watu wawili wanaoshika mzigo mmoja, huyu upande huu na yule upande ule, watalazimika kusemezana. Kwa hiyo sheria si adui wa upendo. Upendo usio na sheria hubaki kuwa hisia nzuri, na punda anabaki amelala pale pale.

Basi sheria inaonyesha mahali pa kuweka mikono. Nguvu ya kuiweka inatoka wapi? Hapa kanisa letu lina historia yake, nayo haipendezi yote.

Mwaka 1886 Mzee George I. Butler, aliyekuwa mwenyekiti wa Konferensi Kuu, alichapisha kitabu kidogo kuhusu sheria katika Wagalatia. Alitetea maoni kwamba sheria iliyotajwa katika Wagalatia 3, ile iliyokuwa kiongozi wa kutuleta kwa Kristo, ni sheria ya kafara na sherehe. E. J. Waggoner, kijana aliyesomea udaktari na ambaye wakati huo alikuwa mhariri huko California, aliandika jibu lililotolewa mwaka 1888. Alisema sheria inayozungumzwa hapo ni ile ya maadili, Amri Kumi zenyewe, ambazo humwonyesha mwenye dhambi kwamba amefungwa na hana njia ila kwa Kristo. Tuelewe hofu ya wazee wale. Kwa miaka mingi walikuwa wamepingwa na wahubiri waliosema sheria yote imeondolewa, Sabato ikiwamo, na waliosema hivyo walikuwa wakiitumia Wagalatia. Kwao, kukubali hoja ya Waggoner kulikuwa kama kumfungulia adui lango. Hofu yao haikuwa ya kipumbavu. Walikuwa wakiilinda sheria ya Mungu.

Walikutana Minneapolis mwezi Oktoba 1888. Mkutano wa wahudumu ulianza tarehe 10, kisha kikao cha Konferensi Kuu kikaendelea kuanzia tarehe 17 hadi tarehe 4 Novemba. Butler alikuwa mgonjwa, akabaki Battle Creek, lakini alituma ujumbe kuwahimiza ndugu wasimame kwenye alama za zamani za imani. Kabla ya mkutano, barua ilikuwa imefika kutoka California ikidai kwamba kuna njama ya kubadili mafundisho. Uvumi huo ulitangulia kuingia ukumbini, na watu wengi walisikiliza mahubiri wakiwa tayari wamekwisha kuamua. (Rudi kidogo kwenye Mambo ya Walawi 19:16 na uone kilichokuwa kinavunjwa kabla hata mjadala kuhusu sheria haujaanza.)

Mwenzake Waggoner, A. T. Jones, aliyewahi kuwa askari wa jeshi la Marekani, alibishana na Uriah Smith kuhusu pembe kumi za Danieli 7: je, kabila mojawapo ni Wahun au ni Waalamani? Smith, mtu mnyenyekevu kwa kawaida, alikiri kwamba katika jambo hilo alikuwa amewafuata waandishi waliomtangulia. Jones akajibu mbele ya wote kwamba asilaumiwe yeye kwa yale ambayo Mzee Smith hayajui. Ellen G. White alikuwa ameketi pale. Alimkatiza Jones papo hapo na kumwambia asiwe mkali namna hiyo. Angalia kwamba hakungoja kwanza ijulikane ni nani aliyesoma historia vizuri zaidi. Mtu anaweza kuwa sahihi kuhusu Waalamani na bado akawa amemkosea ndugu yake.

Ukali haukuwa wa upande mmoja tu. Kejeli zilisemwa kwenye nyumba walimolala wajumbe, na Ellen White mwenyewe alishukiwa kwamba amebadilika, kwa sababu tu alitaka Waggoner asikilizwe. Alitamka waziwazi kwamba hakukubaliana na kila tafsiri ya Waggoner, lakini aliuona moyo wake kuwa mnyofu na mwenendo wake kuwa wa Kikristo. Inasimuliwa pia kwamba ilipofika zamu ya kujibu hoja za upinzani, Waggoner na Jones walisimama na Biblia zao, wakasoma mafungu kwa kupokezana, kisha wakaketi bila kuongeza maelezo.

Lakini jambo linalotuhusu zaidi ni lile ambalo Ellen White aliandika muda mfupi baadaye. Alieleza kwamba alipoiona roho iliyotawala miongoni mwa waliotetea maoni ya zamani, kwa mara ya kwanza alianza kufikiri kwamba huenda hatukuwa na ufahamu sahihi kuhusu sheria katika Wagalatia, kwa maana kweli haikuhitaji roho ya namna ile ili isimame.

Je, hiyo ni hoja halali? Mwanafunzi wa mantiki atasema siyo. Mtu mkali anaweza kuwa na kweli, na mtu mpole anaweza kufundisha uongo. Hasira ya msemaji haibadili maana ya Kiyunani katika Wagalatia 3:24. Hilo ni kweli, nasi tusilisahau, maana kuna watu ambao huyakataa maonyo yote kwa kusema tu kwamba aliyeonya hakuwa na upendo. Dada White naye hakusema kwamba ukali wao umethibitisha kosa lao. Alisema ulimfanya aanze kuuliza. Miaka minane baadaye, mwaka 1896, ndipo alipoandika kwamba kiongozi wa Wagalatia 3 ni hasa sheria ya maadili; na alifika hapo kwa Maandiko.

Hata hivyo nadhani alikuwa ameona jambo ambalo mantiki peke yake hailioni. Kama wangekuwa wanabishana kuhusu urefu wa mto, tabia yao isingetuambia lolote juu ya mto. Lakini walibishana kuhusu sheria ambayo Paulo anasema utimilifu wake ni upendo (Warumi 13:10). Anayedai kuielewa sheria hiyo, huku akimdharau ndugu aliyeketi benchi la mbele, ametoa ushahidi kuhusu kiwango cha ufahamu wake. Tena waraka wenyewe walioushika mikononi ulikuwa umewaonya. Katika Wagalatia 5:14 Paulo anaikusanya torati yote katika amri ya kumpenda jirani, na katika fungu linalofuata mara moja anawatahadharisha wasije wakaumana kama wanyama hadi wakamalizana. Waliipigania sura ya 3 na hawakufika sura ya 5.

Hapa ndipo neema inapoingia, wala haiingii ili kuilegeza sheria. Mwenye kuhesabiwa haki kwa imani amekwisha kupewa kile ambacho mwanasheria alikuwa akikitafuta. Hana tena haja ya kushinda mabishano ili asimame mbele za Mungu. Hana haja ya mtoza ushuru wa kumpimia. Hana haja ya kuuliza jirani yake anaishia wapi. Macho yake yamepata nafasi ya kumtazama mtu aliyelala kando ya barabara. Ndiyo maana katika Kutoka 20 Mungu anasema kwanza kwamba amewatoa katika nyumba ya utumwa, kisha ndipo anatoa amri. Waliokuwa wamekwisha kukombolewa ndio walioambiwa jinsi ya kuishi.

Tusifikiri kwamba kuihubiri neema kunatosha kumlinda mtu. Jones na Waggoner, waliolibeba ujumbe huo kwa nguvu, miaka ya baadaye walitengana na kanisa. Uriah Smith, aliyeupinga, alikiri kosa lake mbele ya ndugu mwanzoni mwa mwaka 1891, kwa machozi, akashikana mikono na wenzake. Neema haikufuata orodha ya walioshinda mjadala.

Tuilete karibu zaidi, kwenye amri tunayoitetea kuliko zote. Kumbukumbu la Torati 5:14, 15 inataja wazi kwamba mtumwa na mjakazi wapumzike kama bwana wao, na sababu inayotolewa ni kwamba Israeli nao walikuwa watumwa, Mungu akawatoa. Jirani yumo ndani ya amri ya Sabato yenyewe, na neema imo pia. Sasa fikiria nyumba ya Mwadventista siku ya Sabato asubuhi. Maandalio ya Ijumaa yamefanyika: nguo zimepigwa pasi, viatu vimeng'arishwa, chakula kimepikwa. Familia imekwenda kanisani, na somo la siku hiyo linahusu uhalali wa Sabato. Dada wa kazi amebaki. Analinda nyumba, anamtunza mtoto mgonjwa, atapasha chakula wageni watakapofika, kisha ataosha vyombo vya watu kumi na wawili. Yeye si wa imani yetu, tunasema. Ana siku yake ya kwenda kwao. Wakati mwingine hata hiyo siku hana.

Ni nani jirani, katika nyumba hiyo? Mwanasheria angetupatia mpaka mzuri sana. Angeonyesha kwamba mkataba wake unasema hivi, kwamba analipwa, kwamba hajalalamika. Lakini amri haikungoja mjakazi alalamike, wala haikuuliza yeye ni wa imani gani. Inamtaja pamoja na mgeni aliye ndani ya malango.

Kabla kengele ya kufunga darasa haijapigwa, zungumzeni jambo hili, kila mmoja akiifikiria nyumba yake: Sabato iliyopita, baada ya chakula cha mchana, ni nani aliyeosha vyombo, na je, yeye alipumzika?