Malaika Alimwamsha Mara Mbili

Somo: 1 Wafalme 19:4–8



Nabii Eliya alikuwa amechoka hata kuishi. Alijilaza chini ya mretemu, akamwomba Mungu amtwae. Mungu hakumkemea, wala hakumwacha alale apendavyo. Malaika alimgusa, akamwonyesha mkate na maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi akamgusa mara ya pili, kwa kuwa safari ilikuwa bado.

Nawawaza wagonjwa wetu wa Ngara na Biharamulo wanaorudi kutoka hospitali ya Bugando, Mwanza, baada ya kufanyiwa upasuaji wa saratani. Mgonjwa hushuka kwenye basi pale Biharamulo mjini, Nyakahura au Benaco, miguu imekufa ganzi kwa kukaa kutwa. Nyumbani tunamtandikia godoro, tunamfunika blanketi, tunamletea uji. "Usiinuke mama, sisi tupo." Tukimwona ametulia, tunasema tumemuuguza vizuri.

Kumbe damu iliyotulia huganda. Katika karne ya 19, daktari Mjerumani Rudolf Virchow alionyesha kwamba donge la damu linaloziba mapafu huwa limesafiri kutoka mbali, mara nyingi kwenye mishipa ya miguu. Saratani yenyewe huifanya damu iwe rahisi kuganda, upasuaji hujeruhi mishipa, na kulala muda mrefu huituamisha damu miguuni. Mgonjwa wetu ana yote matatu. Ndiyo maana wauguzi humsimamisha mapema, hata akiwa analalamika. Tusiwaone hawana huruma. Wanafanya kazi ya yule malaika.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, msiuchue kwa mafuta. Donge laweza kung'oka. Mgonjwa akikosa pumzi ghafla, kifua kikamchoma kila avutapo hewa, akakohoa damu au akazirai, msingoje kupambazuke, wala msingoje kwanza watu wa maombi wafike. Mpelekeni hospitali iliyo karibu, iwe Murgwanza, Rulenge au Biharamulo, nanyi mkasali njiani.

Huko ataanzishiwa dawa ya kuzuia damu kuganda: pengine heparini, sindano inayochomwa chini ya ngozi ya tumbo, kisha pengine vidonge. Daktari hupima kiasi kwa uangalifu, kwa sababu kidonda cha upasuaji nacho kinaweza kuvuja damu. Kwa kawaida dawa hizi haziyeyushi donge. Hulizuia lisikue, huku mwili wenyewe ukilimeng'enya taratibu. Kwa mwenye saratani matibabu hayo huchukua miezi, mara nyingi 3 hadi 6, wakati mwingine zaidi. Anayetumia vidonge vya warfarini hupimwa damu mara kwa mara, na hashauriwi kubadilisha ghafla kiasi cha mboga za majani anachokula.

Hapa ndipo wengi wetu hulala tena. Pumzi imerudi, ushuhuda umetolewa kanisani, vidonge vinasahaulika juu ya kabati. Tunadhani kuendelea na dawa ni kumtilia Mungu shaka. Lakini Eliya alikuwa ameshakula mkate wa mbinguni, na bado alihitaji kuguswa tena. Mguso wa pili haukuudharau wa kwanza. Ulimpa nguvu za kutembea siku 40 hadi mlima Horebu.

Tena Eliya hakuburutwa. Alilishwa kwanza, ndipo akainuka. Juma hili, ukienda kumjulia hali mgonjwa, beba uji wako. Muulize kama daktari amemruhusu kutembea, na kama leo amemeza dawa. Akiwa ameruhusiwa, mpe mkono, mwende polepole mpaka kwenye migomba, mrudi.

Tuombe: Ee Bwana, utujalie upendo usiochoka kuamsha, na uwape wagonjwa wetu pumzi ya safari iliyobaki. Amina.