Mgeni Asiyepewa Jembe

Waalimu wenzetu, methali isemayo mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, twaifundisha kila mwaka, na kila mwaka twaieleza kwa upande wa mwenyeji: kwamba ukarimu una mpaka wake. Ni mara chache tulipoitazama kwa upande wa mgeni. Mtu akaaye katika mji wa watu asipewe jembe hata siku moja, je, amekirimiwa au ametengwa? Swali hili lilitujia sisi wawili, mume na mke, mwezi wa Mei 2019, tukiwa katika kula na kutazama mjini Brussels, nalo halijatuacha tangu hapo.

Nauli tulilipiwa na jamaa yetu afanyaye kazi huko. Yeye alishinda kazini, nasi tukabaki na ramani, tiketi za tramu na njaa ya mambo mapya. Siku ya kwanza tulikwenda Grand-Place, uwanja wa katikati ya mji, uliozungukwa na nyumba za vyama vya mafundi wa zamani, waokaji, wachinjaji, wapika bia na wengineo. Mwezi wa Agosti 1695 majeshi ya Ufaransa yaliupiga mji kwa mizinga, na sehemu kubwa ya uwanja huo ikateketea. Mafundi wakazijenga upya nyumba zao kwa miaka michache tu, wakazipamba kwa sanamu na dhahabu. Tulisimama pale hadi shingo zikauma. Kisha tukala kome waliochemshwa kwa vitunguu na kuletwa mezani na sufuria yao, pamoja na viazi vya kukaanga. Na njiani tukanunua gofri, ule mkate mtamu uokwao baina ya vyuma viwili vyenye vishimo. Tulimwona na yule mtoto wa shaba akojoaye, Manneken Pis, ambaye umati humpiga picha kwa kicheko, ingawa aliyeko barabarani ni nakala na yule wa asili amehifadhiwa katika jumba la makumbusho la mji. Hatuoni haya kusema kwamba tulifurahi.

Lakini jioni, miguu ikiwa imevimba, mmoja wetu alisema jambo lililomzuia mwenzake kulala. Tangu asubuhi, alisema, hapana mtu aliyetuuliza jina. Aliyetuletea chakula alitabasamu, nasi tukatabasamu, tukalipa, hesabu ikaisha. Fedha ndiyo iliyotuondolea jembe. Na iliyotuondolea jembe ndiyo hiyo hiyo iliyotuondolea ugeni wenyewe. Mgeni wa kweli ana deni. Mtalii amekwisha kulipa, kwa hiyo hadaiwi chochote na wala hadai chochote ila kuonyeshwa. Mwenzake alijibu kwamba haya ni maneno ya waalimu wasiojua kupumzika. Uzuri ni uzuri. Fundi aliyechonga jiwe alilichonga ili litazamwe, na anayelitazama kwa furaha amekwisha kumlipa fundi yule ujira autakao.

Jawabu hilo ni zuri, na lingetutosha kama tungaliondoka siku ya pili.

Siku hiyo tulipita chini ya tao kubwa la Cinquantenaire, lililokamilika mwaka 1905. Fedha zake zilitoka kwa Mfalme Leopold wa Pili, naye alizitoa katika Kongo aliyoimiliki kama shamba lake mwenyewe tangu 1885 hadi 1908, Kongo ya mpira na ya mikono iliyokatwa. Tukapanda tramu ya 44, ipitayo msituni, hadi Tervuren. Hapo mwaka 1897 mfalme huyo alifanya maonyesho ya koloni lake, akaletewa Wakongo 267, wakawekwa katika vijiji vya kuigiza kando ya bwawa ili watazamwe. Watu zaidi ya milioni moja walikuja kuwatazama. Wengine waliwatupia peremende, wakaugua matumbo, hata pakatundikwa kibao cha kuwaarifu watazamaji kwamba watu hao walishwa na kamati ya maonyesho. Saba walikufa katika baridi na mvua za kiangazi kile. Makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren. Miongoni mwao wamo Ekia, Kitukwa na Mibange.

Tulisimama mbele ya mawe yale saba, na ndani ya mfuko wetu mlikuwa na sanduku la chokoleti.

Ndipo jawabu la fundi na jiwe lilipotushinda. Wale milioni nao walikuwa watu na wake zao, waliovaa vizuri siku ya mapumziko, wakapanda tramu, wakatazama, wakala kitu kitamu, wakarudi nyumbani wakiwa na furaha. Yamkini wengi wao hawakuwa watu wabaya. Walilipa nauli yao. Kosa lao halikuwa furaha, wala halikuwa macho. Lilikuwa kwamba hapana kilichowalazimu kumjua yule waliyemtazama, na ya kwamba hawakukitafuta. Twathubutu kusema kwamba kati ya mtazamaji yule na sisi hakuna ukuta mnene kama tunavyopenda kudhani. Mababu zetu wa Urundi nao walitawaliwa na Ubelgiji hadi 1962, lakini kuwa mtoto wa aliyetazamwa si kinga ya kuwa mtazamaji.

Wako watakaosema basi dawa ni kujinyima: usile chokoleti, usistaajabie tao. Hatukubaliani nao. Kujinyima kwetu hakumrudishii Ekia siku moja, na mara nyingi ni njia nyingine ya kujitazama sisi wenyewe tukiwa wema. Katika jumba la makumbusho la Tervuren kuna ukumbi wenye ukuta ulioandikwa majina 1,508 ya Wabelgiji waliofia Kongo. Msanii Freddy Tsimba wa Kinshasa aliyaandika majina ya wale saba juu ya vioo vya dirisha linaloukabili, na jua likiwaka vivuli vyake huangukia juu ya yale mengine. Tsimba hakufuta jina la mtu. Alifanya kazi, na kazi yake yamtaka mtazamaji angoje jua.

Usiku ule tulikula Matonge, mtaa wa Ixelles uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa, karibu na uwanja uitwao Patrice Lumumba tangu tarehe 30 Juni 2018. Mama mwenye mkahawa alitusikia tukizungumza Kiswahili, akauliza, "Ninyi ni wa wapi?" Tukasema Bujumbura. Yeye ni wa Uvira, ng'ambo ya mto tu. Usiku ziwa likitulia twaziona taa zao. Sombe yake ilikuwa na mafuta ya mawese kama ya nyumbani. Tulipotaka kulipa, alikataa, akasema turudi kesho.

Tulirudi. Siku ya tatu hiyo alikuja mezani na furushi lililofungwa kwa kamba: miwani ya mama yake, dawa za macho, vitenge viwili, na viatu vya mtoto wa dada yake. "Mwalimu, nanyi mama, mtanifikishia?" Hakuuliza kama tuna nafasi. Nasi tulijua vema kwamba hatuna, maana mizigo yetu ilikwisha kufika kilo zilizoruhusiwa, kwa ajili ya zawadi tulizowanunulia waalimu wenzetu shuleni.

Tulibishana hadi usiku wa manane juu ya kipi kitoke, na aliyesema kwamba uzuri ni uzuri ndiye aliyeanza kutoa. Masanduku matano ya chokoleti tulimwachia jamaa yetu, tukabaki na moja. Wiki iliyofuata, siku ya Jumamosi, tulivuka mpaka wa Gatumba na furushi lile. Mama mzee alivaa miwani papo hapo, akatutazama mmoja baada ya mwingine kwa muda mrefu, kisha akatuuliza majina yetu na ya wazazi wetu, na kama binti yake amekonda.

Hilo la mwisho hatukuweza kulijibu. Siku zote mbili tulikuwa tukitazama sahani.