Kosa la Mzazi ni Lipi?

Mwaka 1977 shule za mji wa Tyler, mashariki mwa Texas, ziliwataka wazazi wa watoto wasio na vibali vya kuishi Marekani walipe dola 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto. Sheria ya jimbo ya mwaka 1975 iliruhusu hata kuwakataa kabisa watoto hao. Familia nne za Kimeksiko zikaenda mahakamani. Jaji William Wayne Justice aliwasikiliza alfajiri, mji haujaamka, na familia moja ilifika na vyombo vyake vyote garini, ikidhani itakamatwa pale pale. Juni 1982 Mahakama ya Juu iliwapa haki kwa kura tano dhidi ya nne.

Mimi ni Muislamu wa Tanga, nafundisha hisabati hapa Houston. Bila hukumu ile, madawati mengi darasani kwangu yangekuwa matupu.

Jaji William Brennan, aliyeiandika, alisema si haki kumwadhibu mtoto kwa jambo alilolitenda mzazi. Madrasa nilifundishwa hivyo hivyo: Mungu hamuulizi mtu dhambi ya mwenzake. Wakristo wanalo fundisho hilo katika Ezekieli, sura ya 18. Ni hoja njema, na naishukuru. Lakini kadiri ninavyoitafakari, naona inamwokoa mtoto kwa kumwacha mzazi kizimbani. Tunasema mtoto hana hatia, na kwa kusema hivyo tumekwisha kumhukumu mama yake.

Mama mmoja anayesafisha ofisi usiku huja kwenye vikao vya wazazi na sare yake ya kazi, binti yake akimtafsiria maneno yangu. Alitoka San Pedro Sula, Honduras, baada ya vijana wa genge kuanza kumvizia binti huyo njia ya shule. Nimemtafutia dhambi, sijaiona. Sura ya An-Nisaa inawalaumu waliovumilia dhuluma ilhali ardhi ya Mungu ni pana, na inawasamehe wanyonge wasioweza kupata njia. Huyu aliitafuta njia, akaipita na mtoto wake. Sikatai kwamba nchi ina haki ya kulinda mipaka yake. Nasema kuvunja utaratibu wa serikali na kumkosea Mungu ni mambo mawili, na tunayachanganya kwa wepesi mno tunapomzungumzia maskini.

Hoja ya mtoto asiye na hatia ina upungufu mwingine: inakwisha muda. Siku anapotimiza miaka 18, yule tuliyemhurumia anakuwa mtu mzima asiye na kibali, na kizimba cha mama kinakuwa chake. Texas ilikuwa imelitazama hilo kwa ubinadamu. Mwaka 2001 ilitangulia majimbo yote kuruhusu vijana wa aina hii, waliokaa jimboni miaka mitatu na kumaliza sekondari huko, walipe ada ya chuo kikuu kama wakazi wengine. Tarehe 4 Juni 2025 serikali ya shirikisho iliishtaki Texas kwa sheria hiyo. Viongozi wa jimbo hawakuitetea. Walikubali siku ile ile, na jaji akaifuta.

Jaji Mkuu Warren Burger, mmoja wa majaji wanne walioipinga hukumu ya mwaka 1982, alikiri kwamba kuwanyima watoto hawa elimu ni upumbavu, ila akasema kurekebisha sera mbaya si kazi ya mahakama. Basi ni kazi ya nani? Wanasiasa walioachiwa kazi hiyo ndio walionyamaza Juni 2025.

Binti wa yule mama yuko mwaka wa mwisho, na katika kalkulasi hana mpinzani. Juzi mama aliuliza, kupitia kinywa cha binti huyo huyo: “Mwalimu, nilikosea kumleta?” Nikamjibu hapana, nikamweleza haya yote kwa urefu, binti akitafsiri huku ameinamisha kichwa. Kisha tukaigeukia orodha ya wafadhili wa masomo wasiouliza vibali, tukaanza na wale wanaofunga maombi Januari.